Mahakama Inapohamia Shuleni

Mazungumzo yetu ya jioni hii yatatutoa pwani yetu na kutupeleka mbali, katika jimbo la Ohio, moja katika majimbo hamsini ya Marekani, ili tutazame jinsi mahakama za jimbo hilo zinavyoendeshwa, na jinsi zilivyofungamana na shule zake kwa mafungamano ambayo, kwa kadiri ya nilivyosoma, yanastahili kufikiriwa na kila mwenye mtoto anayesoma na kila mwenye shauri linalongoja kuamuliwa. Nimeichagua Ohio kwa makusudi. Huko jaji hachaguliwi na rais wala na tume. Huchaguliwa kwa kura za raia, na jambo hilo moja ndilo linaloifanya habari ya mahakama na shule kuwa nzito kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza ni wajibu niondoe utata mmoja. Watu wa kwetu wakisikia habari za mahakama ya Marekani, fikira zao huelekea Washington, kwa wale majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya nchi nzima ambao hukumu zao hutangazwa duniani kote. Walakini nchi ile ina silsila mbili za mahakama zinazokwenda sambamba: moja ni ya serikali ya shirikisho, na nyingine ni ya kila jimbo peke yake, yenye katiba yake, sheria zake na majaji wake, na sehemu kubwa mno ya madai ya watu wa kawaida, yaani talaka, mirathi, wizi, deni, mpaka wa shamba, mpangaji asiyelipa kodi na mwenye nyumba asiyeziba paa, huanza na kumalizika katika mahakama za jimbo, bila ya Washington kuwa na habari nayo.

Uhusiano wa shule na sheria huko Ohio ni wa zamani kuliko Ohio yenyewe. Mwaka 1785, nchi ile ilipokuwa bado ni makao ya wenyeji wake, Shawnee na Delaware na wengineo, ambao hawakuulizwa shauri lolote, Bunge la Marekani lilitoa amri ardhi ya magharibi ipimwe kwa viwanja vya mraba, maili sita kwa maili sita, kila kiwanja kikagawanywa mafungu 36, na fungu la kumi na sita, lenye eka 640, likatengwa kwa ajili ya shule. Mtu wa Lamu au Unguja hana haja ya kufafanuliwa jambo hilo, maana nasi twayajua mashamba na nyumba zilizowekwa wakfu ili mapato yake yaangalie msikiti na chuo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1787, ikafuata sheria ya kuitawala nchi yote iliyo kaskazini-magharibi mwa mto Ohio, nayo ikaamrisha kwamba shule na njia za elimu zitiwe nguvu daima.

Ohio ikawa jimbo mwaka 1803, na katiba yake ya kwanza, iliyoandikwa mwaka uliotangulia, iliwataka majaji wa Mahakama ya Juu wafanye kikao mara moja kila mwaka katika kila wilaya. Hebu fikirini maana yake: wazee wale hawakuwa na jumba la kukaa wakangojea watu wawajie, walipanda farasi, wakavuka mito na matope, wakalala katika nyumba za wageni zisizo na raha, na wilaya nazo zikazidi kuongezeka mwaka hata mwaka, mpaka safari ikawa ndiyo kazi na hukumu ikawa ni jambo la njiani. Katiba mpya ya mwaka 1851 ikawapunguzia mashaka hayo, ikawawekea kikao chao Columbus, mji mkuu. Na humo humo yakatiwa mambo mawili ambayo yameshika habari zote zilizofuata. Moja, majaji, ambao hapo awali walichaguliwa na wajumbe wa baraza la kutunga sheria, sasa wachaguliwe na raia, na wenye kura wakati ule, tusisahau, walikuwa ni wanaume weupe peke yao. La pili, baraza hilo lilazimike kupata fedha za kutosha ili kuwe na utaratibu wa shule za umma ulio kamili na wenye ufanisi katika jimbo zima. Kwa hiyo kalamu ile ile iliyompa raia jaji ndiyo iliyompa mtoto wake shule.

Leo Ohio ina wilaya 88. Chini kabisa ziko mahakama za miji, zinazosikiliza makosa madogo ya jinai, makosa ya barabarani, na madai ya fedha yasiyozidi dola 15,000. Na ndani yake mna nafasi ya madai madogo, yasiyozidi dola 6,000, ambako mtu husimama mwenyewe akaeleza haki yake bila ya wakili na bila ya maneno ya Kilatini. Pembeni mwa hizo kuna kiroja kimoja, nacho ni mahakama za mameya, ambamo meya wa mji mdogo, hata kama hakupata kusoma sheria, aweza kuwahukumu madereva na wenye makosa madogo. Utaratibu huo umebaki katika majimbo mawili tu, Ohio na Louisiana, na mimi, niseme kweli, sioni sababu njema ya kubaki kwake. Katika zama za kupigwa marufuku pombe, meya wa kijiji cha North College Hill alimtia hatiani mtu mmoja kwa kupatikana na kileo, na katika gharama alizotozwa mtu yule, dola 12 ziliingia mfukoni mwa meya mwenyewe, ambazo asingalizipata lau angalimwachia. Shauri likapanda mpaka Washington, na mwaka 1927 Jaji Mkuu William Howard Taft, ambaye kabla ya hapo alikwisha kuwa rais wa nchi, akaandika hukumu kwamba haki haipatikani mbele ya hakimu ambaye faida yake imo katika kutia watu hatiani.

Taft huyo alikuwa mzaliwa wa Cincinnati, katika Ohio hiyo hiyo, na baba yake, Alphonso Taft, naye alikuwa jaji mjini humo, na ana fungu lake katika habari hizi za shule. Mwaka 1869 bodi ya shule ya Cincinnati iliamua Biblia isisomwe tena madarasani, kwa kuwa mji ulikuwa na Waprotestanti, Wakatoliki na Mayahudi, wasioweza kupatana juu ya kitabu kipi kisomwe na kwa namna gani. Wasioridhika wakafungua daawa. Majaji wawili katika watatu wakaipinga bodi, na mzee Taft akabaki peke yake upande wa pili. Lakini shauri lilipofika kwa rufani Mahakama ya Juu ya Ohio, majaji wakaamua kwamba uendeshaji wa shule umo mikononi mwa bodi, wala katiba haiziamuru mahakama kuchagua kisomwacho darasani. Ndivyo rai ya mtu mmoja aliyeshindwa ilivyogeuka kuwa hukumu ya jimbo.

Juu ya mahakama za miji kuna mahakama kuu ya kila wilaya, na hii ndiyo mhimili wa mambo yote. Ina sehemu zake: ya jinai nzito na madai makubwa, ambamo wananchi kumi na wawili huketi kama juri kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana, ya ndoa na talaka, ya mirathi, ambayo pia ndiyo itoayo vyeti vya ruhusa ya kuoana, na ya watoto. Hii ya mwisho ndiyo inayogusana na shule siku zote, maana mtoto asiyehudhuria darasani kwa muda mrefu bila ya udhuru hatimaye huweza kuitwa humo, na mzazi wake pamoja naye. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017 iliweka hesabu ya utoro kwa saa: saa 30 mfululizo, au 42 katika mwezi mmoja wa masomo, au 72 katika mwaka, na ikaagiza kwamba kabla ya kwenda kwa jaji, shule iunde kwanza baraza dogo pamoja na mzazi, waulizane kinachomzuia mtoto, kama ni maradhi, au usafiri, au vita vya darasani, au kulea wadogo zake wakati mama yuko kazini. Naipenda busara hiyo, kwa sababu mtoto aliyekosa basi hana haja ya hakimu. Haja yake ni basi.

Nalisema hili nikiwakumbuka ndugu zetu. Katika Columbus, Dayton na miji mingine ya Ohio wanaishi Wakongo na Wasomali wa asili ya Kibantu, na wengi wao hutumia Kiswahili nyumbani na sokoni. Na barua ya shule inayotaja saa za utoro ikifika katika nyumba ambamo mzazi hasomi Kiingereza, yamkini ikawekwa juu ya kabati mpaka ije barua ya pili, na ya pili ndiyo ya mahakama. Basi wajue kwamba kanuni za mahakama za Ohio zinataka mtu asiyefahamu Kiingereza vyema apewe mkalimani anayestahili, na kumwomba mkalimani huyo si fedheha wala si fadhila. Ni haki yake.

Shule nazo zimefunzwa adabu na mahakama. Mwaka 1971, katika fujo zilizotokea katika shule za Columbus, wanafunzi wengi walifukuzwa kwa siku zisizozidi kumi bila ya kuulizwa lolote, kwa kuwa sheria ya jimbo ilimruhusu mwalimu mkuu afanye hivyo. Mmoja wao alishikilia kwamba hakupiga wala hakuvunja kitu, alikuwa ni mtazamaji aliyesimama karibu. Shauri hilo lilikwenda kwa njia ya mahakama za shirikisho, na mwaka 1975 majaji watano wa Washington dhidi ya wanne wakaamua kwamba mwanafunzi, kabla hajatolewa shuleni hata kwa siku hizo chache, aambiwe kosa lake na apewe nafasi ya kusema upande wake. Wengi waliona hukumu ile imewafunga walimu mikono. Mimi naona iliwataka walimu walifanye jambo ambalo mzazi mwenye akili hulifanya kila siku, yaani kuuliza kabla ya kuadhibu, nalo halichukui zaidi ya dakika tano.

Tuendelee kupanda. Aliyeshindwa katika mahakama kuu ya wilaya hukata rufani katika mojawapo ya mahakama kumi na mbili za rufani, ambako majaji watatu hukaa pamoja, hawasikilizi mashahidi upya, husoma kumbukumbu na kupima kama sheria ilifuatwa. Juu ya zote ni Mahakama ya Juu ya Ohio, yenye majaji saba, Jaji Mkuu akiwa mmoja wao. Mashauri ya adhabu ya kifo huwafikia moja kwa moja kutoka mahakama iliyohukumu. Mengine mengi huyachagua wao wenyewe, yale yenye jambo la kuwahusu watu wote. Na kila upande kwa kawaida hupewa dakika kumi na tano za kuzungumza, ambazo wakili mzuri huzitumia zaidi kujibu maswali kuliko kuhutubu.

Majaji hao wote, kuanzia wa mahakama za miji mpaka wa juu, huchaguliwa kwa kura kwa muda wa miaka sita sita. Anayetaka kiti lazima awe ameshughulika na sheria si chini ya miaka sita, wala haruhusiwi kuanza kipindi akiwa amefikia umri wa miaka 70. Kwetu Tanzania na Kenya jaji huteuliwa na rais, tume ya utumishi wa mahakama ikiwa na sehemu yake katika jambo hilo. Raia hana sauti, na yamkini hajui hata jina la aliyemhukumu. Huko Ohio raia ana sauti, lakini jina vilevile hulijua kwa nadra: mpiga kura huingia kwa ajili ya rais au gavana aliyemwona kila siku katika televisheni, akaweka alama yake juu ya karatasi, kisha akishuka chini akakuta safu ya majina ya majaji, wengi huziacha nafasi hizo wazi, au huchagua jina lililo zuri masikioni. Tangu uchaguzi wa mwaka 2022 wagombea wa Mahakama ya Juu na wa mahakama za rufani huandikwa pamoja na majina ya vyama vyao. Wako wanaosema hiyo ni nuru kwa mpiga kura. Naona ni nuru ya kumwangazia asiyetaka kutazama, kwa kuwa jina la chama humwondolea mtu taabu ya kumjua jaji.

Na hapa ndipo shule inapoingia kwa uzito wake. Mwaka 1987 Jaji Mkuu Thomas Moyer, aliyekishika kiti hicho tangu mwaka huo mpaka alipofariki mwaka 2010, alianzisha desturi ya kuitoa Mahakama ya Juu katika jumba lake na kuipeleka wilayani, aghalabu mara mbili kwa mwaka, kusikiliza mashauri mbele ya wanafunzi wa sekondari. Wazo lenyewe, kama mlivyosikia, lilikuwa ni la tangu enzi za farasi, ila safari hii wanaongojewa si wadai na wadaiwa peke yao. Majaji saba hufika na majoho yao, huketi katika ukumbi wa shule au katika jumba jingine la mji ule, na mawakili husimama mbele yao wakahojiana juu ya mashauri ya kweli, yenye watu wa kweli ambao uhuru wao au mali yao imo hatarini, kama vile wangalivyofanya Columbus.

Kabla ya siku hiyo mawakili na majaji wa pale wilayani hujitolea kwenda madarasani pamoja na walimu, wakawafafanulia vijana kila shauri: nini kilitokea, mahakama ya chini ilisemaje, ya rufani ilisemaje, na swali lililobaki ni lipi. Kisha mahojiano yakimalizika, mawakili wale wale waliokuwa wakishindana hukaa na wanafunzi, wakaulizwa kwa nini walisema hili na kuliacha lile. Majaji huweza kuulizwa juu ya kazi yao kwa jumla; juu ya shauri lililo mbele yao hawafungui kinywa, maana bado hawajaamua. Katika mambo yote ya desturi hiyo, kunyamaza huko ndiko ninakokupenda zaidi. Mwanasiasa akienda shuleni huenda kuzungumza. Jaji anakwenda kufanya kazi na kuonekana akiifanya, na kijana wa miaka kumi na saba anajifunza kwamba yuko mtu mwenye mamlaka makubwa ambaye wajibu wake ni kusikiliza pande zote mbili kabla ya kusema neno. Fauka ya hayo, kijana huyo baada ya mwaka mmoja atakuwa na kura. Majaji wale wanapotazama mabenchi ya ukumbi, wanawatazama waajiri wao wa kesho.

Yako na mengine ya namna hiyo. Kuna taasisi ya elimu ya sheria iliyoanzishwa mwaka 1983, inayoendesha mashindano ya mahakama ya mfano, ambamo wanafunzi huwa mawakili na mashahidi, na hulazimika kujiandaa kuzitetea pande zote mbili za shauri. Na jumba la Mahakama ya Juu lililo kando ya mto Scioto, ambalo sasa limepewa jina la Moyer, lina mahali maalumu pa kuwapokea wanafunzi wanaozuru. Hayo ni mema, nayapita.

Ila mwanafunzi aliyeshuhudia dakika thelathini za mahojiano asije akadhani kwamba hukumu ikishasomwa mambo yamekwisha. Kwa kulionyesha hilo hakuna shauri bora kuliko lile liitwalo DeRolph, kwa jina la mwanafunzi mmoja wa wilaya ya Perry, kusini-mashariki mwa Ohio, katika nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1991 yeye na wenzake, wakiungwa mkono na umoja wa mamia ya wilaya za shule, waliishtaki serikali ya jimbo kwamba imeivunja ile ahadi ya mwaka 1851 ya shule kamili na zenye ufanisi. Sababu yao ilikuwa ni fedha. Shule za Ohio zilitegemea mno kodi ya majumba na ardhi inayotozwa mahali penyewe. Penye viwanda na majumba ya fahari shule ilinawiri, na pale migodi ilipofungwa na nyumba zikakosa thamani, watu waliweza kujitoza kodi mpaka wakachoka na shule ikabaki maskini vilevile.

Shauri lilianzia katika mahakama kuu ya Perry, ambako mwaka 1994 jaji aliwapa ushindi wanafunzi. Mahakama ya rufani ikaibatilisha hukumu hiyo. Na tarehe 24 Machi 1997 Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikairudisha, ikatangaza kwamba utaratibu wote wa kuzigharimia shule unapingana na katiba. Yaliyoandikwa katika hukumu ile yangalimfanya msomaji adhani anasoma habari za nchi nyingine: mavumbi ya makaa yaliyotua usiku juu ya madawati, na wanafunzi wa bendi waliofanyia mazoezi yao katika chumba kilichokuwa ghala ya makaa, kisicho na dirisha la kupitisha hewa, wakatoka wakiumwa vichwa. Na katika wale watatu walioipinga hukumu hiyo alikuwamo Jaji Mkuu Moyer mwenyewe, mwasisi wa safari za shuleni, aliyeona kwamba kugawa fedha za shule ni kazi ya baraza la kutunga sheria na wala si ya mahakama. Simlaumu kwa unafiki. Mtu aweza kuzipenda shule kwa moyo wote na bado akaamini kwamba jaji hana ufunguo wa hazina.

Na kweli hakuwa nao. Baraza liliambiwa lirekebishe, likarekebisha kidogo. Mwezi wa Mei 1998 raia waliulizwa kwa kura kama wako radhi kodi ya mauzo iongezwe, sehemu yake iende shuleni, wakakataa kwa wingi mkubwa. Mwaka 2000 mahakama ikatazama tena, na kwa kura nne kwa tatu ikasema bado. Hukumu hiyo iliandikwa na Jaji Alice Robie Resnick, ambaye mwaka huo huo alikuwa akigombea tena kiti chake. Makundi ya wafanyabiashara, ambayo yalikuwa na ugomvi naye hasa kwa hukumu zake juu ya madai ya fidia, yalimwaga fedha nyingi katika matangazo ya kumpaka matope. Raia wakamrudisha kwa ushindi wa wazi. Mwaka 2001 mahakama ikajaribu suluhu, ikashindikana. Mwezi wa Desemba 2002, wiki chache kabla ya mmoja wa wale wanne kustaafu kwa sababu ya umri, ikarudia kwa mara ya mwisho kwamba utaratibu unapingana na katiba na kwamba baraza linapaswa kuutengeneza. Na mwaka 2003, kiti kile kikiwa kimekwisha kupata mtu mwingine, ikamkataza jaji wa Perry asiendelee na shauri hilo tena. Mlango ukafungwa, na katiba ikiwa bado imevunjwa.

Je, mahakama ilishindwa? Nusu. Mwaka ule ule wa 1997 iliundwa tume ya majengo ya shule, na mabilioni ya dola yamekwisha kutumika tangu hapo kuyaondoa majengo mabovu, hata leo mtoto wa shule zile hasomi chini ya mavumbi ya makaa. Lakini kanuni yenyewe ya kugawa fedha ilingoja mpaka mwaka 2021, ndipo baraza lilipopitisha utaratibu mpya wa kupima gharama halisi ya kumsomesha mtoto. Na mmoja wa waasisi wake wawili, Robert Cupp, alikuwa amekwisha kuwa jaji wa Mahakama ya Juu kabla ya kuwa Spika wa baraza la wawakilishi. Miaka thelathini ilipita tangu daawa kufunguliwa. Mwanafunzi aliyelipa shauri jina lake alikwisha kuwa mtu mzima mwenye umri wa kuwa na watoto shuleni.

Ningalikuwa mwalimu wa Ohio, kisa hicho ningalikifundisha kabla ya ujio wa majaji, nacho chote, pamoja na ile kura ya 1998 ambayo vitabu vingi hupenda kuipita upesi. Kwa maana raia ndiye aliyempa jaji kiti, na raia huyo huyo ndiye aliyeinyima shule kodi. Na kijana akitoka ukumbini akiwa ameyafahamu majoho na taratibu zote za mahojiano bila ya kulifahamu hilo, amehudhuria tamasha zuri.

Basi nawe msikilizaji uliye Columbus au Dayton, au mwenye ndugu huko, ambaye umekwisha kupata uraia na haki ya kura: mwezi wa Novemba utakapopewa karatasi yako, usiishie juu kwa wakubwa unaowajua. Uliza mapema, soma mapema, kisha shuka nayo mpaka chini, yalipo majina ya majaji na kodi ya shule, ukapige kura na huko.